Maua Yasiyongoja Joto: Vidokezo 10 vya Bustani ya Mwisho wa Baridi

Ukiishi Uingereza, Ubelgiji au Ujerumani, unaijua Februari. Sikukuu zimepita, giza linaingia saa kumi na moja jioni, na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ni matope na vijiti vitupu. Wengi wetu tuliokulia kwenye joto tumejiaminisha kwamba bustani ya Ulaya hulala hadi Aprili, basi tunafunga mlango na kuwasha hita. Tunakosa mengi. Ipo miti mizuri mno inayochanua kati ya Januari na Machi, mingine theluji ikiwa bado matawini, na mingi haina haja ya kutunzwa kila siku. Inachotaka ni kupandwa mahali pake. Hapa nazungumzia zaidi bustani ndogo za Uingereza, na majina ya miti nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye vibandiko vya vitaluni, ili usisumbuke kuitafuta.

1. Anza na njia, mti baadaye

Majira ya joto unaweza kubeba kiti hadi mwisho wa bustani ukakaa huko mchana kutwa. Januari huendi huko. Unatoka mlangoni, unatupa taka, unakimbilia kituo cha basi, unarudi gizani na mifuko mkononi. Basi mti wa baridi uwe hapo hapo unapopita: kando ya mlango wa mbele, karibu na pipa la taka, au nje ya dirisha la jikoni unaposimama kuosha vyombo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mti wa Januari kupandwa kule kwenye uzio wa mbali. Unachanua, unamaliza, na wenye nyumba hawana habari.

Kanuni yangu ni nyepesi: penye mlango weka harufu, penye dirisha weka rangi.

2. Nunua kwa pua

Maua mengi ya baridi ni madogo, lakini yananukia ajabu, na sababu ipo. Wadudu wanaoruka Januari ni wachache na wametawanyika, kwa hiyo ua linalowahitaji lazima liwaite kutoka mbali. Tena maua hayo hudumu muda mrefu, maana mgeni anaweza asifike leo wala kesho.

Aliyekulia Unguja, Mombasa au Tanga, kati ya asumini, kilua na mlangilangi, hahitaji kufundishwa thamani ya harufu nzuri mlangoni. Kwa huyo, mmea wa kwanza kununua ni Sarcococca confusa. Ni kichaka kifupi cha mita moja na kitu, chenye majani ya kijani yanayong'aa mwaka mzima. Kinavumilia kivuli, hata ule upande wa kaskazini wa nyumba ambako jua la baridi halifiki kabisa. Maua yake itabidi uyatafute: ni nyuzi nyeupe fupi zilizojificha chini ya majani. Lakini siku hewa imetulia, harufu yake ya asali inakulaki hatua kadhaa kabla hujafika mlangoni. Kinakubali kukaa kwenye chungu, kwa hiyo hata mwenye kibaraza cha ghorofani anaweza kuwa nacho.

Tahadhari moja. Ukiona kibandiko cha Jasminum nudiflorum, asumini ya baridi, usifurahi upesi. Mmea huu, ulioletwa Uingereza kutoka China na Robert Fortune mwaka 1844, una maua ya manjano ya kupendeza juu ya vijiti vya kijani, ila haunukii. Upande kwa ajili ya rangi, mbele ya dirisha, na uufunge kwenye uzio kwa kamba kwa kuwa hauwezi kujizungusha wenyewe.

3. Ukiwa na nafasi ya mti mmoja tu, uwe Hamamelis

Hapa sina mjadala. Usogelee mti huu mwezi wa kwanza uutazame vizuri. Kila ua lina petali nne ndefu, nyembamba, zilizojikunjakunja kama ganda la chungwa lililokatwa kwa wembe. Zinachomoza kwenye kikombe kidogo cha rangi ya damu ya mzee kilichobana moja kwa moja kwenye tawi lisilo na jani hata moja. Usiku wa sakitu, umande unapoganda na kuwa mweupe, petali hujiviringisha na kurudi ndani. Baridi ikilegea mchana, hunyooka tena. Kwa mtindo huo mti hubaki na maua wiki nyingi, katika hali ya hewa ambayo ua la waridi lisingemaliza nayo usiku mmoja.

Hamamelis mollis, ule wa Kichina, uliletwa Uingereza mwaka 1879 na Charles Maries, aliyekuwa ametumwa na kampuni ya Veitch kutafuta mimea mipya. Ukapandwa kwenye kitalu chao cha Coombe Wood, na kwa takriban miaka 20 ukakaa hapo bila mtu kutambua kuwa ni kitu kipya. Nasikitika kila nikifikiria jambo hilo: mti mzuri kiasi hicho, umesimama mbele ya macho ya mabingwa wa mimea! Baadaye ulichanganyika na ndugu yake wa Kijapani, na uzao huo, Hamamelis × intermedia, ulitambuliwa kwanza kwenye bustani ya Arnold Arboretum huko Boston, Marekani. Mingi inayouzwa leo ni ya uzao huo. Familia ya de Belder, huko Kalmthout nchini Ubelgiji, ilichagua baadhi ya iliyo bora na kuipa majina. 'Jelena', wa rangi ya shaba, umepewa jina la mama wa familia hiyo, na 'Diane', mwekundu, umepewa jina la binti yake.

Wengi hukimbilia mwekundu. Mimi nakushauri uchukue wa manjano, hasa 'Pallida'. Wekundu hupotea mbele ya ukuta wa matofali, na siku ya mawingu hauonekani kabisa ukiwa ndani. Manjano unayaona kutoka kochini hata saa kumi jioni. Uweke mbele ya kitu cheusicheusi, kama uzio wa miti yenye majani ya kijani yaliyokolea, ndipo utajua umenunua nini.

Bei yake ni kubwa, kwa sababu miche hubebeshwa mmoja mmoja na hukua polepole. Mara nyingi shina la chini ni la Hamamelis virginiana, ambao huchanua majira ya vuli. Maotea yakichipua chini ya pale ulipobebeshwa, yang'oe upesi, la sivyo yataufunika mti ulioulipia. Udongo usituamishe maji wala usikauke kabisa, na usiwe wa chokaa nyingi.

4. Usiuonee huruma ukauingiza ndani

Hili nawaambia hasa wenzangu tuliotoka nchi za joto. Usiku sakitu imetanda, unautazama mche wako ndani ya chungu, unaona unateseka, unaubeba hadi sebuleni karibu na hita. Wiki haiishi, matumba yamepukutika sakafuni.

Matumba ya miti hii yaliundwa tangu majira ya joto yaliyopita, kisha mti ukayafunga. Ili yafunguke, ni lazima yapitishe saa nyingi kwenye baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri. Hesabu hiyo isipotimia, hata ukiyapa joto hayafunguki vizuri. Ni jambo lile lile linalofanya matufaha na mapichisi ya Tanzania yalimwe Lushoto na Njombe, wala si Tanga mjini. Jakaranda za Nairobi nazo huchanua kwenye matawi yaliyo karibu matupu, lakini hizo ni za nchi zisizo na theluji, na ukizileta Uingereza baridi itaziua. Kila mti na desturi yake.

Kinachohitaji msaada ni mizizi. Ndani ya chungu mizizi huganda haraka kuliko ardhini. Kwa hiyo kifunge chungu chenyewe kwa gunia au plastiki ya kufungia vyombo, kiinue juu ya vipande vya matofali ili maji yapite chini, na kisogeze karibu na ukuta wa nyumba. Matawi yaache yapigwe na baridi yake.

5. Kamelia ni ndugu wa mchai

Kamelia za mapambo na mchai ni wa jenasi moja. Ukitaka kujua kamelia inapenda udongo gani, kumbuka Kericho, Mufindi na Tukuyu: udongo wenye asidi, wenye unyevu, usiotuamisha maji. Kama udongo wa kwenu ni wa chokaa, kama ulivyo sehemu nyingi za kusini mwa Uingereza, usishindane nao. Nunua udongo maalumu wa mimea ya asidi, panda kwenye chungu kikubwa, na mwagilia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Maji ya bomba ya sehemu hizo yamejaa chokaa, na majani yatageuka manjano polepole.

Mambo mawili huharibu maua yake. La kwanza ni jua la asubuhi. Tumba lililoganda usiku likipigwa na jua mapema huyeyuka ghafla, na petali hubadilika kuwa za kahawia. Kwa hiyo usiipande mahali panapotazama mashariki. Upande wa magharibi au kaskazini unafaa, tumba liyeyuke taratibu. Ushauri huo huo ufuate kwa Magnolia stellata, ile magnolia fupi ya maua meupe ya mwezi Machi.

La pili linatokea miezi sita kabla. Matumba ya kamelia hujitengeneza kuanzia Julai na Agosti. Mmea ukipata kiu wakati huo hautakwambia kitu. Utakaa kimya hadi Februari, kisha utaangusha matumba yote yakiwa mabichi. Anayelalamikia kamelia yake wakati wa baridi ajiulize kama aliimwagilia wakati wa likizo.

6. Daphne, kwa heshima na kwa glavu

Kama ningeruhusiwa harufu moja tu kwa Februari nzima, ningechagua Daphne bholua 'Jacqueline Postill'. Asili ya jamii hii ni milima ya Himalaya, na huko Nepal magome yake hutengenezwa karatasi ngumu ya mkono. Huu wenye jina la Jacqueline ulipatikana mwaka 1982 kwenye kitalu cha Hillier, Hampshire. Aliyeuotesha ni Alan Postill, akaupa jina la mke wake. Hukua wima, kwa hiyo unaenea hata kwenye kipembe kidogo kando ya mlango, na vishada vyake vya waridi na nyeupe hufunguka katikati ya baridi.

Una masharti yake. Haupendi kuhamishwa, basi chagua mahali mara moja na uache hapo. Haupendi upepo mkali. Haupendi mkasi. Na sehemu zake zote ni sumu, matunda na utomvu pia, hata ngozi inaweza kuwasha. Vaa glavu ukiushika, na kama nyumba ina watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, usiupande kwanza. Kwa miaka hiyo ya watoto, Sarcococca ni mwenzi mwepesi zaidi, ila nao matunda yake meusi si ya kuliwa.

Ndugu yake, Edgeworthia chrysantha, nao ni wa kuutazama ukikutana nao: vichwa vya maua ya manjano vyenye vinyweleo vyeupe laini, vikiinama kwenye matawi matupu. Magome yake hutumika Japani kutengeneza karatasi ya noti za yen. Katika bustani za baridi kali hauwezi kuishi bila ukuta wa kuukinga.

7. Pogoa maua yakiisha

Miti hii karibu yote huchanua juu ya matawi ya mwaka uliopita. Ukishika mkasi Oktoba kwa nia ya kusafisha bustani kabla ya baridi, unakata maua yote ya Februari bila kujua. Subiri yachanue, yaishe, kisha pogoa mara moja ili mti upate majira ya joto mazima ya kuotesha matawi mapya. Forsythia, kichaka kingine cha msimu huu, ndiyo inayoteseka zaidi kwa makosa haya. Watu huikata ikawa duara kila vuli, halafu hushangaa mbona haina maua.

Viburnum × bodnantense 'Dawn', uzao wa bustani ya Bodnant huko Wales, haihitaji kukatwa juu kabisa. Chagua shina moja au mawili yaliyozeeka, yaondoe hadi chini, basi. Hamamelis iache kama ilivyo, isipokuwa tawi lililovunjika.

Jamii ya cheri iko peke yake. Prunus × subhirtella 'Autumnalis', mti mdogo unaochanua vipindi vipindi kuanzia Novemba hadi Machi kila baridi inapolegea, pogoa katikati ya majira ya joto. Ukikata wakati wa baridi unafungulia mlango ugonjwa wa ukungu unaofanya majani yawe ya rangi ya fedha na kukausha tawi baada ya tawi.

8. Wakumbuke nyuki

Nyuki wa asali hutoka mzingani joto likifika nyuzi 10 hivi. Wale nyuki wakubwa wenye manyoya huruka hata kukiwa na baridi zaidi, na malkia wao anayeamka Februari ana njaa na hana akiba. Kusini mwa Uingereza wapo wanaoendelea kufanya kazi majira yote ya baridi, na chakula chao kikubwa ni maua ya manjano ya Mahonia × media. Kwa hiyo mahonia moja, yenye miiba yake na yote, ni msaada wa kweli. Iweke mbali kidogo na njia ya watoto.

Ukichagua, chagua maua ya safu moja ya petali. Yale yaliyojaa petali juu ya petali yanapendeza dukani, lakini mara nyingi nyuki hafikii chavua.

Kwa mwenye nafasi, mti wa hazeli, Corylus avellana, ni darasa tosha la biolojia. Mikia ya manjano inayoning'inia ni maua dume, nayo chavua yake huchukuliwa na upepo. Maua jike wengi hawajawahi kuyaona. Inamisha tawi karibu na jicho: kwenye kitumba kidogo cha kijani utaona nywele chache nyekundu zimechomoza, urefu wake milimita chache tu. Hizo ndizo zitakazokuwa njugu za Septemba. Mwite mtoto aone.

Na Cornus mas usiusahau. Ukungu wa manjano mwezi Februari na Machi, kisha matunda mekundu machachu ambayo Waturuki na Wairani hutengenezea sharubati na jemu.

9. Kata matawi, yachanulie mezani

Ujerumani ipo desturi ya siku ya Mtakatifu Barbara, 4 Desemba: watu hukata matawi ya cheri na kuyaweka ndani ili yachanue Krismasi. Unaweza kufanya hivyo hivyo na forsythia, hazeli au cheri kuanzia Januari. Kata siku isiyo na sakitu, matumba yakiwa yameanza kuvimba. Kata mshazari, yaloweke usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, kisha yaweke kwenye chupa ndefu mahali penye mwanga, mbali na hita. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Forsythia hufunguka ndani ya wiki moja au mbili, na kadiri msimu unavyosonga ndivyo zinavyowahi.

10. Nenda ukaone, nunua yakiwa na maua

Picha za intaneti hazina harufu, na rangi zake hudanganya. Nenda bustani ya baridi mwezi wa kwanza au wa pili ukajionee. Anglesey Abbey, karibu na Cambridge, ina njia ndefu yenye vichaka vya harufu inayoishia kwenye msitu mdogo wa miti ya magome meupe kama chaki. Bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge ina yake, ndogo kiasi cha kukupa mawazo ya bustani ya nyumbani. Sir Harold Hillier Gardens huko Hampshire ni mojawapo ya kubwa barani Ulaya. Walio Ubelgiji wasikose Kalmthout, Hamamelis zikiwa kwenye kilele.

Kisha nunua miezi hiyo hiyo, ua likiwa limefunguka, baada ya kulinusa mwenyewe. Miti miwili yenye jina moja la familia inaweza kutofautiana sana kwa harufu. Isipokuwa ardhi imeganda au imejaa maji, unaweza kupanda siku hiyo hiyo. Chimba shimo pana mara mbili ya mizizi, lakini kina kisizidi kile cha chungu cha dukani. Rudishia udongo ule ule, kanyaga taratibu, mwagilia ndoo nzima hata kama mvua inanyesha, halafu tandaza mboji unene wa kiganja, ukiacha nafasi wazi kuzunguka shina ili lisioze. Majira ya joto mawili ya kwanza upe mti maji kila wiki mvua ikikosekana, na usiutie mbolea nyingi ya kuchochea majani, maana utapata majani badala ya maua.